Jeni, Siyo Jini

Bibi yangu alianza kuwaamkia watu "Mwangaluka" jua likiwa linazama. Hiyo kwa Kisukuma ni salamu ya asubuhi. Sisi watoto tukacheka. Baadaye akawa anatoka usiku, anazunguka ua wa jirani akitafuta ng'ombe waliouzwa zamani. Hapo hakuna aliyecheka tena. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Ndugu msomaji, kama umekulia Bariadi unajua hesabu hiyo inavyojumlishwa: kikongwe, macho mekundu, anatembea usiku.

Hesabu hiyo imeua. Simeon Mesaki, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameandika kuwa kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, sehemu kubwa Mwanza na Shinyanga. Bariadi wakati huo ilikuwa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu umezaliwa 2012. Wengi waliouawa walikuwa wanawake, hasa wazee. Sheria ya uchawi ilikuwapo tangu 1928, lakini mapanga hayakuisoma. Mwaka 1976 Serikali ikaanzisha msako. Baadhi ya watuhumiwa wakafia mikononi mwa dola, na mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu kubeba dhamana. Yaani hata dawa nayo iliua.

Na uchawi kwetu ulisemwa ni wa kurithi. Bibi akinyooshewa kidole, mama hayuko salama, na binti kupata mchumba ni kazi. Ilikuwa kesi ya damu.

Sasa sikia upande wa pili. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza ugonjwa wa mwanamke aliyepotewa na kumbukumbu. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wakaonyesha kwamba aina moja ya jeni iitwayo APOE, yaani e4, huongeza hatari ya ugonjwa huo. Mtu huirithi kwa mzazi. Niliposoma hayo nilishtuka: damu tena! Kumbe tumetoka kwa jini tukaingia kwa jeni?

Hapana, bwana. Kuanzia 1992 watafiti waliwafuatilia wazee Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis, wote wa miaka 65 na zaidi. Majibu yalitoka 2001. Kwa mwaka mmoja, katika kila wazee 1,000, kama 32 wa Indianapolis walipata ugonjwa wa kusahau. Ibadan kama 13 au 14 tu. Na Wayoruba e4 wanayo, tena siyo haba, ila kwao haikuonekana kuwa na nguvu ile ya Marekani. Watafiti wakageukia presha, mafuta mwilini na namna watu wanavyoishi. Jeni ni ile ile, maisha ni tofauti.

Msije mkasema basi Mwafrika hasahau. Wilayani Hai, Kilimanjaro, wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi walipimwa. Utafiti ukachapishwa 2013. Kama 6 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huu. Je, huku kwetu wangapi walikatwa mapanga kwa sababu tu walisahau njia ya kurudi nyumbani? Hakuna aliyewapima.

Bibi yangu alifia kitandani, kwa sababu shangazi alimhamishia mjini kabla maneno hayajaiva. Mimi nilikuwa mkubwa wa kutosha kusema "huyu ni mgonjwa", nikanyamaza. Siku hizi mama anatafuta funguo akiwa amezishika mkononi. Huenda e4 anayo, huenda nami ninayo. Safari hii nimeshawaambia majirani mapema, nyumba kwa nyumba: mkimkuta njiani usiku, mshikeni mkono mmlete nyumbani.