Iwan Baan na picha za majengo ya Doha

Miongoni mwa picha za kale zaidi zinazojulikana za mji wa Doha ni zile zilizopigwa mwaka 1904 na msafiri wa Kijerumani, Hermann Burchardt. Doha ya wakati huo ilikuwa mji mdogo wa pwani, wenye nyumba fupi za mawe na udongo, na wakazi wake wakiishi kwa kuzamia lulu. Msikilizaji wa Lamu au wa Rufiji ana fungu lake katika ujenzi wa miji ya namna hiyo: boriti za mikoko zilizobeba dari za nyumba nyingi za Ghuba zilisafirishwa kwa majahazi kutoka pwani ya Afrika Mashariki, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba.

Zaidi ya karne moja baadaye, mji huo ukiwa umejaa maghorofa ya vioo, kazi ya kuuonyesha kwa walimwengu iliangukia kwa sehemu mikononi mwa Mholanzi Iwan Baan, ambaye huenda ndiye mpiga picha wa majengo mashuhuri kuliko wote wa kizazi chake.

Baan alizaliwa Alkmaar mwaka 1975, mwaka ule ule ambapo kasri la zamani la Sheikh Abdullah bin Jassim Al Thani mjini Doha lilifunguliwa kuwa Makumbusho ya Taifa ya Qatar. Kamera yake ya kwanza alipewa na bibi yake alipotimiza umri wa miaka 12. Alisomea upigaji picha katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa mjini The Hague. Usanifu majengo hakuusomea. Mlango ulimfungukia mwaka 2005, alipokutana na msanifu Rem Koolhaas, ambaye ofisi yake, OMA, ilikuwa ikisimamia ujenzi wa makao makuu ya televisheni ya taifa ya China mjini Beijing. Baan alikwenda huko mara kwa mara, na hakutosheka na jengo peke yake. Aliwapiga picha pia vibarua waliotoka mashambani kuja kulijenga.

Hapo ndipo alipoachana na desturi ya fani yake. Kwa miaka mingi picha nzuri ya jengo ilikuwa ile iliyosubiriwa kwa saa nyingi, kamera kubwa ikiwa juu ya miguu mitatu, sakafu imefagiwa na wapita njia wameondolewa. Baan hushika kamera ndogo mkononi, huwaacha watu waendelee na shughuli zao, kisha hupanda helikopta ili jengo lionekane pamoja na mtaa unaolizunguka. Mwaka 2012, baada ya kimbunga Sandy, alipiga kutoka angani picha ya New York ikiwa nusu gizani na nusu ikiwaka taa, nayo ikatokea kwenye jalada la jarida la New York. Alikwenda pia Makoko, Lagos, kupiga picha shule iliyoelea juu ya maji, kazi ya msanifu Kunlé Adeyemi. Shule hiyo ilianguka Juni 2016, na leo wengi wanaijua kwa picha tu.

Mjini Doha, Baan amepiga picha Maktaba ya Taifa ya Qatar, iliyosanifiwa na OMA na kuzinduliwa rasmi mwaka 2018, pamoja na Makumbusho mapya ya Taifa ya Mfaransa Jean Nouvel, yaliyofunguliwa Machi 2019. Makumbusho hayo yameundwa kwa visahani vikubwa 539 vilivyopandana mithili ya waridi la jangwani, lile jiwe la chumvichumvi linalopatikana mchangani, na katikati yake limehifadhiwa lile kasri la zamani.

Lakini mpiga picha wa majengo kwa kawaida huitwa kazi ikiisha, na mara nyingi mlipaji ni yule aliyesanifu au aliyejengesha. Wajenzi wamekwisha kuondoka. Kwa Qatar, jambo hili si dogo. Walioinua majengo hayo ni wahamiaji, wengi wao kutoka Asia ya Kusini, na miongoni mwa wafanyakazi wa kigeni wamo Wakenya na Waganda wengi. Ni mwaka 2020 tu, miaka miwili kabla ya Kombe la Dunia, ndipo sheria iliporuhusu mfanyakazi kuhama kazi bila idhini ya mwajiri wake, na mshahara wa chini wa riali 1,000 kwa mwezi ukaanza kutumika mwaka 2021. Picha ya ukuta unaong'aa haiwezi kuyasema hayo, hata ipigwe na nani. Ndiyo maana zile picha za vibarua wa Beijing zina uzito wa pekee katika kazi za Baan.

Mwaka 2021 alitoa kitabu pamoja na msanifu wa Burkina Faso, Francis Kéré, kuhusu mwanga wa jua katika majengo ya nchi hiyo. Mwaka uliofuata Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Pritzker. Picha zilizomo humo ni za nyumba za udongo zenye matundu madogo ya kupitisha mwanga, na wenyeji wake wamo ndani.