Buabua wa Kisiwa cha Nyangumi

Jabali hili la matumbawe, mlangoni mwa Hori ya Mida, Watamu, ni mazalio ya buabua wa aina mbili. Msimu wao huangukia kati ya Juni na Oktoba, kusi likivuma.

Mwenye kifua cha waridi hafifu hutaga peupe, mwambani. Mwenzake, mwenye mgongo wa kijivujivu na ushi mweupe, huficha yai lake moja ndani ya ufa wa jiwe. Mwangalie anayerudi kutoka baharini: mara nyingi ana kidagaa kimekingama mdomoni.

Watazame kwa darubini ukiwa mbali. Tafadhali usipande jabalini wakati huo! Wakitimuliwa, mayai hubaki wazi, na jua la adhuhuri huyaua upesi.