Ushahidi wa Motokaa katika Picha za Kale

Katika nyumba nyingi za pwani na za bara, chini ya kitanda au juu ya kabati, pana bahasha ya picha za zamani. Mara nyingi katika picha hizo mna mtu aliyevaa kanzu au suti, amesimama ubavuni mwa motokaa, mkono wake mmoja ameuweka juu ya boneti kana kwamba chombo kile ni chake. Ukiuliza ni nani, utatajiwa jina lake na la babaye. Ukiuliza picha ilipigwa mwaka gani, utaambiwa, "Zamani za Mwingereza," au, "Kabla ya Uhuru." Jibu hilo lawatosha jamaa, bali halimtoshi mwanahistoria. Naye akiwa mvivu ataandika chini ya picha mwaka wowote anaoudhani, na mwaka huo utanakiliwa kitabu hadi kitabu mpaka uwe kama kweli.

Lakini katika picha hiyo yumo shahidi wa pili ambaye hakuna aliyemwuliza neno, naye ni motokaa yenyewe. Motokaa haikuota porini. Ilitengenezwa na watu wanaojulikana, katika kiwanda kinachojulikana, na karibu kila mwaka watengenezaji walibadili kitu: leo taa, kesho kioo, kesho kutwa bampa. Wapo watu katika nchi nyingi, wengi wao si wanachuoni bali ni mafundi, madereva na wapenzi tu wa vyombo hivi, ambao ukiwaonyesha ukingo wa madigadi na nusu ya gurudumu watakutajia jina la mtengenezaji na miaka yake. Wengi huuona ujuzi huo kuwa mchezo wa watu wasio na kazi. Nia yangu katika insha hii ni kuonyesha kwamba ni elimu yenye kanuni zake, na kwamba sisi tunaosoma historia tuna haja nayo kubwa.

Na tuanze na mkasa mmoja wa Ufaransa. Jacques Henri Lartigue alizaliwa mwaka 1894 katika nyumba ya matajiri, na tangu utotoni alipewa kamera. Alipenda kila kitu kiendacho kasi: eropleni, baiskeli, na hasa motokaa za mashindano. Siku moja ya kiangazi alisimama kando ya barabara katika mashindano makubwa ya Ufaransa, akaipiga picha motokaa iliyokuwa ikimpita. Picha ikatoka na kasoro. Sehemu ya mbele ya motokaa ilikatika, ikabaki ya nyuma tu, pamoja na dereva, fundi wake, na tarakimu ya 6 iliyoandikwa kwa ukubwa. Gurudumu halikuwa duara, bali lilivutika kama yai lililoinamia mbele. Na watu waliosimama kando ya njia, pamoja na nguzo, waliinamia nyuma kama mitende iliyopigwa na kusi.

Sababu yake ni hii. Wahenga walisema macho hayana pazia. Lakini kamera ya Lartigue ilikuwa nalo. Ndani yake mlikuwa na pazia la kitambaa lenye ufa mwembamba, na ufa huo ulipita mbele ya bamba la kioo kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kwa hiyo sehemu zote za picha hazikuandikwa kwa wakati mmoja. Ufa ulipokuwa ukisafiri, gurudumu nalo lilikuwa likisafiri, likaandikwa limepinda. Na kwa kuwa mpigaji aliigeuza kamera ili kuifuata motokaa, walioonekana wakipinda kwa upande wa pili ni wale waliosimama tuli. Picha hiyo iliwekwa miaka mingi bila ya kuthaminiwa. Baadaye, hasa baada ya maonyesho ya kazi zake katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York mwaka 1963, ikawa miongoni mwa picha mashuhuri kabisa za karne ya 20, kwa kuwa kila aitazamaye huiona kasi kwa macho.

Basi Lartigue mwenyewe alikuwa mtu wa kuweka kumbukumbu. Aliandika shajara, akabandika picha zake katika majalada. Kwa ushahidi wake, picha ile ilikuwa ya mwaka 1912, na motokaa ilikuwa Delage. Nani atambishia mtu juu ya picha aliyoipiga kwa mkono wake? Majumba ya sanaa yakaandika hivyo, na vitabu vikafuata. Lakini walipoichunguza watu walioijua historia ya mashindano, hawakuuliza mpigaji alisema nini. Waliuliza motokaa inasema nini. Walilitazama umbo la nyuma, wakaitazama namba 6, wakalinganisha na orodha za washindani na picha nyingine za siku zile. Wakaona kwamba motokaa ile haikuwa Delage, bali ilikuwa ya kiwanda cha Théodore Schneider, ikiendeshwa na Croquet, katika mashindano yaliyofanyika Amiens tarehe 12 Julai 1913. Mpigaji alikosea mwaka, na alikosea mtengenezaji.

Wala Lartigue hakusema uwongo. Alisahau, kama sote tusahauvyo, na akili yake ikaichukua siku moja ikaiweka mahali pa nyingine. Lakini mafunzo ni makubwa. Ikiwa shahidi aliyekuwapo, mwenye shajara na mwenye kamera mkononi, aweza kukosea mwaka mzima, tutasema nini juu ya bahasha zetu ambazo nyuma ya picha hapakuandikwa hata neno moja?

Wanafunzi wa tenzi zetu za kale wataitambua kazi hii, maana wao hufanya kama hivyo juu ya miswada. Mswada usio na tarehe huinuliwa kwenye mwanga ili ionekane alama ya kiwanda iliyomo ndani ya karatasi. Alama ile haisemi shairi lilitungwa lini, wala haisemi lilinakiliwa siku gani. Yasema tu kwamba mwandishi hakuweza kuandika juu ya karatasi ambayo ilikuwa bado kutengenezwa. Motokaa nayo ni hivyo hivyo. Humpa mwanahistoria mwaka wa mwanzo. Haimpi mwaka wa mwisho. Mwenye kuisahau kanuni hii atapotea.

Chukua mfano wa Volkswagen ndogo ya mgongo wa kobe, ambayo wengi wetu tumepata kuipanda. Hadi Machi 1953 kioo chake cha nyuma kilikuwa vipande viwili vilivyotengwa kwa ukanda wa bati katikati. Baada ya hapo kikawa kipande kimoja chenye umbo la yai, na mwaka 1957 kikawa kipana chenye pembe nne. Sasa kumbuka kwamba mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Na kwamba mwaka 1954 walioshinda ni Vic Preston na D. P. Marwaha, katika Volkswagen. Mtu akikuletea picha ya Volkswagen iliyojaa tope, akadai ndiyo motokaa ya ushindi ule, tazama nyuma. Ukikiona kioo kipana cha pembe nne, dai lake limekwisha. Ukikiona cha umbo la yai, dai halijathibitika bado. Limeachwa hai tu.

Au chukua Land Rover, ambayo katika nchi zetu ilikuwa chombo cha serikali kuliko chombo kingine chochote. Ilianza kutengenezwa mwaka 1948, na hapo mwanzo taa zake za mbele zilikuwa nyuma ya wavu. Baadaye taa zikatokeza nje, lakini zikaendelea kukaa karibu karibu, katikati ya uso wa gari. Na mwishoni mwa miaka ya 1960 ndipo zilipohamishiwa kwenye madigadi, moja huku na moja huku. Basi ukionyeshwa picha ya msafara wa viongozi, na chini yake pameandikwa kuwa ni siku ya Uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba 1961, nawe ukaona Land Rover yenye taa katika madigadi, hapana budi useme kwamba maandishi yale ni makosa, hata kama yaliandikwa na mkubwa gani. Huenda nyuso za watu zisikuambie lolote, wala bendera, wala nguo. Taa mbili zimekwambia.

Hapo mtu aweza kuuliza: je, mafundi wetu hawabadili vipuri? Naam, wanabadili sana. Gari la mwaka 1950 laweza kuonekana lina boneti ya mwaka 1958, bampa ya gari jingine, na taa zilizonunuliwa mnadani. Lakini hilo haliivunji kanuni, bali laifafanua zaidi: sehemu iliyo mpya kuliko zote ndiyo itoayo hukumu, maana fundi aweza kuliwekea gari la kale kipuri kipya, lakini hakuna fundi awezaye kuliwekea kipuri ambacho bado hakijaundwa.

Shida ya pili ni mifanano. Katika miaka ya mwisho ya 1950, kampuni ya Pinin Farina ya Italia iliwachorea maumbo watengenezaji wa nchi mbalimbali. Kwa hiyo Austin Cambridge na Morris Oxford za mwaka 1959, na Peugeot 404 ya mwaka 1960, zote zafanana kama watoto wa mama mmoja: ubavu ulionyooka, na nyuma ncha mbili kama mapezi ya papa. Katika picha iliyofifia, mjuzi hataliamini umbo pekee. Atamtafuta simba wa Peugeot kwenye wavu wa mbele, au atautazama mpango wa taa za nyuma. Na mifanano mingine hushinda hata hiyo. Huko India, motokaa iitwayo Ambassador, iliyotokana na Morris Oxford ya miaka ya 1950, iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 2014. Mtu akiona picha ya mtaa wa Calcutta, akasema, "Morris hii ni ya mwaka 1957, basi na picha ni ya mwaka 1957," aweza kukosea kwa miaka hamsini.

Shida ya tatu ni kwamba motokaa pekee haitoshi. Peugeot 404 ilishinda Safari mwaka 1963, kisha mwaka 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na 1968 walioshinda ni watu wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff. Na katikati yao Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda mara mbili pamoja na Chris Rothwell. Miaka minne, motokaa ya jina moja, na tope la rangi moja. Hapa yatubidi tufanye kama walivyofanya wachunguzi wa Lartigue: tuisome namba iliyo mlangoni, kisha twende kwenye orodha ya washindani wa kila mwaka. Tena tusome kila herufi tuionayo. Herufi EAK zilitambulisha gari la Kenya, EAT la Tanganyika, EAU la Uganda, na EAZ la Unguja. Kibao cha Kenya chenye herufi moja baada ya tarakimu hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka 1989. Na usukani ukionekana upande wa kushoto katika mtaa unaoambiwa ni wa Mombasa, soma maandishi ya madukani: yakiwa kinyume, picha imegeuzwa ilipochapwa, yakiwa sawa, huenda mtaa ule ni wa Bujumbura, ambako magari hupita kulia.

Pengine kuna atakayeona kuwa haya ni mambo madogo. Lakini tazama jinsi yanavyoweza kuwa makubwa. Kati ya mwaka 1936 na 1938 kiwanda cha Bugatti kiliunda motokaa nne tu za namna iitwayo Atlantic, zenye mshono wa ribiti uliopita katikati ya paa mpaka mkiani. Tatu zajulikana habari zake. Ya nne, nyeusi, ilitoweka wakati wa Vita Kuu ya Pili, na tangu hapo haikuonekana tena. Kilichobaki cha umbo lake ni picha. Siku atakapotokea mtu kudai ameipata, na madai hayo yatakuwa ya mali nyingi mno, picha hizo ndizo zitakazosimama mahakamani, na wenye kujua kuzisoma ndio watakaokuwa makadhi.

Nasi hatuna Atlantic. Tuna zile bahasha. Mtu yule aliyeweka mkono juu ya boneti ni babu wa mtu, na huenda alikuwa karani, au mwanachama wa chama kilichopigania Uhuru, au dereva aliyeendesha mali ya mwingine. Kujua kama alisimama pale mwaka 1949 au 1959 ni kujua alikuwa na umri gani, alikuwa kazini kwa nani, na nchi ilikuwa katika hali gani siku ile. Wazee waliozifahamu motokaa hizo kwa kuzitengeneza, walioweza kutofautisha mwaka na mwaka kwa kugusa kitasa cha mlango, wanapungua kila siku, wala hatukuwaandika. Yatupasa tuwaendee na picha zetu mikononi, tukae chini gereji kama tukaavyo mbele ya mashehe, tuwaulize. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini sisi tumetazama uso wa mtu, tukaliacha gari.