Jinsi seli za mwili zinavyoharibu kolesteroli na kuziba mishipa

Wakazi wa Bukhayo, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, wameonywa mara nyingi kuwa kolesteroli ni adui wa moyo. Onyo hilo ni la kweli, ila halielezi kwamba kolesteroli huzidi kuwa hatari inapoharibiwa na seli za mwili wenyewe.

Damu husafirisha kolesteroli katika chembe ndogo ziitwazo LDL. Zikizidi, baadhi hupenya ukuta wa ateri na kunasa humo. Hapo seli za utando wa ndani, seli za misuli ya mshipa na seli nyeupe za damu hutoa kemikali kali za oksijeni, nayo mafuta yaliyomo ndani ya LDL huchacha mithili ya mafuta ya kupikia yaliyokaa wazi. Hali hiyo huitwa oksidisho.

Mnamo 1979, Joseph Goldstein na Michael Brown wa Marekani, waliotunukiwa Nobel mwaka wa 1985, walionyesha kwamba seli walaji ziitwazo makrofeji humeza kwa wingi LDL iliyobadilishwa kikemikali, wala si ile ya kawaida. Katika miaka ya 1980, kundi la Daniel Steinberg huko California likabainisha kuwa seli za mshipa zenyewe zaweza kuleta badiliko hilo kwa oksidisho. Makrofeji zikishiba mafuta hugeuka seli za povu, chanzo cha utando unaoziba ateri.

Katika nchi jirani ya Uganda, A. G. Shaper na K. W. Jones walichapisha utafiti mwaka wa 1959. Waafrika walikuwa na kolesteroli kidogo, na maradhi haya yalikuwa nadra mno kwao. Waasia walikuwa nayo nyingi na waliugua zaidi.

Je, vitamini zaweza kuzuia oksidisho? Jaribio la Uingereza la watu 20,536, lililochapishwa mwaka wa 2002, lilionyesha kuwa vidonge vya vitamini E, C na beta-karotini havikupunguza mshtuko wa moyo. Dawa ya simvastatini, inayoshusha LDL, iliupunguza.

Basi, badala ya kununua vidonge hivyo kwa ajili ya moyo, ni heri kupima kolesteroli na shinikizo la damu, na kuacha sigara, ambayo moshi wake huchochea oksidisho. Ushauri huu wawafaa hasa madereva wa malori wapitao Busia na Malaba, ambao hukaa kitako kwa saa nyingi.