Mganga Hajigangi? Mhadhiri Kama Mtafiti wa Ufundishaji Wake

Wahenga walinena kuwa mganga hajigangi. Methali hii yatuhusu sana sisi tulio katika vyuo vikuu. Mhadhiri wa lugha huchunguza lahaja, hukusanya ngano na kuzichambua sentensi za watu wengine; lakini ufundishaji wake mwenyewe, ambao ndio kazi aifanyayo kila juma, ni nadra kuuchunguza. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi jinsi wazo la mwalimu kuwa mtafiti wa darasa lake lilivyokua, na kuonyesha kwamba wazo hilo si geni hapa Nairobi, ijapokuwa tuliliacha nusu ya njia.

Aghalabu chanzo chake huhusishwa na Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyehamia Marekani kutoka Ujerumani. Mnamo mwaka wa 1946 alieleza utafiti uendao sambamba na utendaji: mtu hupanga, hutenda, huyatazama matokeo ya tendo lake, kisha hupanga upya. Nchini Uingereza, Lawrence Stenhouse, katika kitabu chake cha mwaka wa 1975 juu ya mitaala, alishikilia kuwa mtaala ni pendekezo la kujaribiwa darasani, na kwamba mwalimu mwenyewe ana nafasi ya kwanza katika kulijaribu. Kwa hoja hiyo, utafiti wa elimu haukuwa tena milki ya mtaalamu wa nje ajaye na hojaji yake akaenda zake.

Stenhouse alizungumzia shule zaidi. Kuhusu vyuo vikuu, sauti iliyosikika mbali ilikuwa ya Ernest Boyer wa Marekani, ambaye katika ripoti yake ya mwaka wa 1990 aligawa usomi katika sehemu nne: kugundua maarifa, kuyaunganisha, kuyatumia, na kufundisha. Kwa mgawanyo huo, ufundishaji ulihesabiwa kuwa usomi kamili, wala si mzigo unaomchelewesha msomi asiandike.

Hata hivyo, miaka 7 kabla ya kitabu cha Stenhouse, swali la namna hii lilikuwa limekwisha kuulizwa Nairobi. Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyejulikana wakati huo kama James Ngugi, pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi ivunjwe. Ngũgĩ alikuwa mhadhiri katika idara iyo hiyo. Walihoji ni fasihi gani ifundishwe, kwa sababu gani, na kwa mtazamo wa nani. Walitaka Afrika iwe kitovu cha masomo, na fasihi simulizi pamoja na fasihi ya Kiswahili zipewe nafasi yake. Mjadala huo haukubaki chuoni: mwezi wa Septemba 1974 ulifanyika mkutano katika Shule ya Nairobi juu ya ufundishaji wa fasihi katika shule za Kenya.

Huo ulikuwa ujasiri wa kujiganga. Lakini uzito wa waraka ulikuwa juu ya yafundishwayo. Swali la pili, yaani mwanafunzi hujifunza nini hasa tunapomfundisha, lingali mbele yetu.

Tuchukue mfano wa ngeli. Mwanafunzi hutoka shuleni akiwa amezoea kuzitaja ngeli kwa viambishi vya upatanisho: A-WA, U-I, LI-YA. Chuoni hukutana na nambari za ngeli zilizoanzishwa na Wilhelm Bleek na kuendelezwa na Carl Meinhof. Nomino "kifaru" ina umbo la KI-VI, lakini twasema "kifaru amelala". Je, mwanafunzi huuelewa msingi wa kila uainishaji, au hukariri orodha mbili? Mhadhiri aweza kuwapa wanafunzi nomino chache kabla ya somo, awatake waziainishe na kutoa sababu, arudie zoezi baada ya somo, kisha alibadilishe somo lake kwa mujibu wa makosa aliyoyaona. Zoezi hilo halihitaji ruzuku. Lahitaji daftari na unyofu.

Yupo atakayepinga kwamba mwamba ngozi huvutia kwake, na kuwa mtu hawezi kuwa hakimu wa kazi yake. Pingamizi hili lina nguvu. Dawa yake ni kuwaonyesha wenzetu maandishi ya wanafunzi, kuwakaribisha madarasani mwetu, na kuchapisha hata yale tuliyoshindwa. Iwapo twawadai wanafunzi ushahidi kwa kila dai waliandikalo, itakuwaje sisi tudai kuwa tumefundisha bila ushahidi wowote? Waraka wa 1968 ulivunja idara; hatutakiwi kuvunja lolote ila mazoea yetu.