Ugali na Nini?

Wadau, mshahara bado, na chumbani kuna kilo mbili za sembe. Jana mwenzangu ninayepanga naye aliuliza swali ambalo mabachela wote mnalijua: leo ugali na nini? Nikamjibu, na chumvi. Tukacheka. Baadaye nikakumbuka kuwa jibu hilo limewahi kuua watu.

Ugonjwa wenyewe unaitwa pelagra. Ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika, kisha kifo. Unawapata wanaoishi kwa mahindi karibu matupu, kwa kukosa niasini, yaani vitamini B3. Wenyeji wa Mexico walichemsha mahindi yao kwa chokaa, na chokaa huifungua hiyo niasini. Wazungu walibeba mbegu, maarifa wakayaacha.

Mwanzoni mwa karne ya 20 pelagra ikawapiga maskini wa kusini mwa Marekani. Madaktari wengi wakasema inaambukiza. Joseph Goldberger, aliyekabidhiwa kazi hiyo mwaka 1914, akauliza swali la kitoto: mbona hospitalini wanaugua wagonjwa, wauguzi hawaugui? Mwaka 1916 yeye na wenzake walijidunga damu ya wagonjwa, wakameza hadi magamba ya ngozi zao (samahani kwa mnaokula). Hakuna aliyeugua. Tatizo lilikuwa sahani. Baada ya mafuriko ya Mississippi ya 1927 alishauri watu wapewe hamira, kitu rahisi kabisa, na ikasaidia.

Mnasema hayo ya zamani? Mwaka 1990, hapo jirani Malawi, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 17,000 waliugua pelagra. Walikuwa na mahindi. Kilichokatika kwenye mgao ni karanga. Karanga tu, jamani! Walionusurika zaidi ni wenye vibustani, na waliosaga mahindi yao wenyewe nyumbani, pumba na kiini vikabaki ndani.

Yaani dona. Lile tulilolikimbia tulipomaliza shule ya bweni, tukaapa kutoligusa tena, eti chakula cha wafungwa. Mashine inakoboa, tunalipia weupe, kilichotolewa wanakula kuku.

Usiku tukaunga mchicha kwa karanga za kutwanga. Sembe likiisha nanunua dona, mwenzangu apende asipende. Amenuna tangu asubuhi.