Garimoshi la Usiku, Mombasa hadi Nairobi

Reli ya Mombasa hadi Nairobi, ambayo ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896 kwa amri ya serikali ya Kiingereza, na ambayo mataruma yake yalilazwa kwa mikono ya vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, ilifika Nairobi mwezi wa Mei 1899, baada ya roho nyingi kuangamia kwa maradhi, kwa ajali, na kwa simba wawili waliositisha kazi ya daraja la mto Tsavo mwaka 1898.

Baadaye, kwa miaka mingi, abiria waliondoka pwani jioni, wakapita Voi, Mtito Andei na Makindu gizani, wakaamkia nyanda za Athi. Abiria wa daraja la kwanza, wawili katika chumba kimoja, waliitwa mezani kwa mlio wa kengele ya mkononi, na walipokuwa wakila, watumishi waliwatandikia vitanda vyao. Ama wa daraja la tatu, ambao zama za ukoloni takriban wote walikuwa Waafrika, walikesha wameketi.

Uchakavu wa njia na mabehewa, pamoja na ushindani wa mabasi, uliidhoofisha huduma hii hata ikakoma mwezi wa Aprili 2017, na tarehe 31 Mei mwaka huohuo ikazinduliwa reli mpya kati ya miji hiyo miwili.

Kichwa cha mvuke nambari 5918, Mount Gelai, kilichoundwa Manchester na kuitumikia njia hii, kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi.